Ndimu za Jumamosi

Watu wa Tengeru watakwambia kwamba Koikai alionja samaki siku moja tu maishani mwake, halafu watacheka. Wacheke. Samaki mwenyewe nilimkaanga mimi, kwa mafuta yangu na chumvi yangu, kwa hiyo kama unataka kuijua habari hii kaa hapo kwenye benchi unisikilize mimi.

Jina langu Kauthar, ila hapa sokoni naitwa Mama Twahir. Huyo Twahir yuko Muscat mwaka wa tisa sasa, na umama wangu kwake umebaki ndani ya simu. Nilizaliwa Pangani. Nililetwa Arusha na mume aliyeuza khanga, mume akatangulia mbele ya haki, nikabaki na karai. Tangu hapo nakaanga samaki kwenye kona hii, na kwa miaka mingi samaki hao wametoka katika ziwa dogo lililo chini ya mashamba ya Akheri. Si bahari, usitarajie mawimbi. Ni shimo la volkano ya zamani lililojaa maji, msitu umelizunguka pande zote, na ukipiga chafya upande huu anakusikia mtu wa upande ule.

Koikai ndiye aliyekuwa anaongoza wageni wanaovua humo. Wazungu, Wahindi wa mjini, siku hizi hata vijana wetu wenye kamera zao. Anawapandisha kwenye mtumbwi, anawaonyesha perege wamelala wapi na kambale wamejificha wapi, anawafungia chambo, kisha anakaa nyuma na kasia lake, kimya. Hajafundishwa na mtu. Alikuja pale kijana, kuwa mlinzi wa geti, na mlinzi kazi yake ni kutazama, basi yeye akatazama maji. Baada ya miaka miwili akawa anajua ziwa lile kuliko waliozaliwa pembeni yake.

Na alikuwa na masharti, jamani. Kabla hujamshika samaki lazima uloweshe mkono, kwa sababu mkono mkavu unamchuna ule ute wake naye atakwenda kufa mbele ya safari. Alikuwa na fimbo yenye alama. Samaki asiyefika alama anarudi majini, hata kama mgeni ametoka Ulaya kwa ajili yake. Miezi ya mvua mtumbwi haukaribii matete, kwa kuwa perege wanalea huko. Aliwahi kunieleza jinsi mama perege anavyowabeba watoto wake mdomoni wakati wa hatari, wote, na hali chakula mpaka wakue. Siku hiyo ndiyo niliyomsikia akisema maneno mengi kwa mpigo. Samaki ambao wageni hawakuwataka, wachache tu walioruhusiwa na kamati ya ziwa, niliwanunua mimi.

Sasa sikia kichekesho. Mtu huyu aliyeishi kwa samaki alikuwa hali samaki. Hajawahi kuonja hata mchuzi.

Koikai ni Mwarusha. Boma la baba yake liko Elerai, siku hizi limezingirwa na nyumba za kupanga, lakini mzee Tajeu alikuwa bado anafuga ng'ombe wanne ndani ya ua, na ndani ya ua ule mambo yalikwenda kwa utaratibu wake. Kwa mzee, samaki ni nyoka wa majini. Mimi nilimtania Koikai: mbona baba yako ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na Yesu wenu aliwakaangia wanafunzi wake samaki ufukweni? Akanijibu kwamba hata yeye alimuuliza hivyo, na mzee akamwambia, "Yesu hakuwa Mwarusha." Ukijibiwa hivyo utasema nini.

Hata hivyo mzee alimruhusu kazi. Alimwita mbele ya mdogo wake Oscar, akamwambia: shika samaki kama mtu anavyoshika mbwa, ni kazi, sina neno. Lakini siku akiingia mdomoni mwako, nikifa usije ukatupa udongo kaburini kwangu. Na Koikai ni mzaliwa wa kwanza. Udongo wa kwanza ni wake, kabla mchungaji hajamaliza hata kusema mavumbi kwa mavumbi. Kwake yeye, aliyekuwa hana mke wala mtoto, nafasi ile ndiyo ilikuwa alama pekee kwamba ni mtu wa kwao. Alichumbia mara mbili. Mara zote mbili wakwe walinusa nguo zake wakabadilisha mazungumzo.

Kila Jumapili alipeleka maziwa Elerai, akampa baba yake kwa mkono wake. Na mkono unaonuka samaki haupokelewi kitu na mzee Tajeu. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni, nikiwa nafunga, Koikai alikuja pale kwenye karai. Mimi nilikuwa nimeshamwekea ndimu nne. Namkatia, anajisugua mpaka kwenye viwiko, katikati ya vidole, chini ya kucha, bila haraka, ananusa, anasugua tena. Tulikaa hivyo. Hakuna mtu aliyekuwa akinisubiri mimi chumbani, wala yeye kibandani kwake. Ukiniuliza kama nilimpenda nitakwambia ndiyo, na sioni haya kwa umri huu. Yeye hakuniuliza, na mimi sikusema, na ndimu zilikuwa shilingi mia.

Balaa lilianza na mteja. Magdalena, jirani yangu anayeuza ndizi, na pia ni katibu wa kamati ya ziwa, alinirudishia sahani. Akasema, "Mama Twahir, leo umekaangia mafuta ya taa?" Nikamwambia ulimi wake ndio una taa. Akaja wa pili. Akaja wa tatu. Nikaonja mwenyewe, na mie ulimi wangu umekulia Pangani, haudanganywi. Ilikuwa ile harufu ya dawa ya nyanya, kwa mbali, imekaa kwenye nyama ya mgongoni.

Jumamosi nikamwambia Koikai kwamba ziwa lake linaumwa.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Akasema maji ni meupe, anaona mpaka chini, kila mwezi anaandikisha kwenye daftari la kamati kwamba ziwa ni zima. Nikamwambia weupe wa maji si usafi wa maji. Akasema, "Pengine ni mafuta yako." Mimi! Nikamwambia wewe unayemjua samaki kwa nje tu, utanifundisha mimi habari za samaki? Lilinitoka. Aliacha ndimu juu ya meza akaondoka bila kunawa, na wiki mbili sikumwona. Niliendelea kuzikata Jumamosi zile mbili, nikazitupa. Mjinga mimi.

Kumbe zile wiki mbili alikuwa anapanda mfereji. Kuna mfereji mmoja unaotoka mlimani, unapita mashambani, na mabaki ya maji yake huishia ziwani. Aliufuata kwa miguu kuanzia chini hadi juu. Akakuta mahali ambapo watu wa nyanya wanaoshea pampu za dawa humo humo, wanatikisa, wanamwaga, wanajaza. Shamba kubwa kuliko yote hapo lilikuwa la Gerson. Na Gerson ndiye mwenyekiti wa kamati ya ziwa.

Jumamosi ya tatu akaja. Hakuomba radhi, si mtu wa maneno. Alisema tu, "Vyura hawapo. Miezi mitatu sijasikia chura, na sikujiuliza." Kisha akakunja mikono ya shati, nikamkatia ndimu.

Alipeleka chupa ya maji mjini ikapimwe. Majibu hayakurudi, na masika yalikuwa yanakaribia, mvua ambayo ingesomba kila kilichobaki mashambani na kukitia ziwani wakati perege wanalea. Akaitisha kikao. Alitaka mambo mawili tu: ziwa lifungwe, pasivuliwe wala kuuzwa samaki mpaka lipone, na pampu zioshewe mbali na mfereji. Nikamuuliza ziwa likifungwa yeye atakula nini. Akasema hilo si la kikao.

Kikao kilikaa kwenye kile kibanda cha mitumbwi, siku ya Alhamisi mchana. Watu kumi na wawili. Mimi si mwanakamati, lakini nilialikwa kama mnunuzi, na nikaenda na hotipoti. Ndani kulikuwa na samaki wawili: mmoja wa ziwani, alionipa Koikai asubuhi ile, na mmoja kutoka bwawa la kufugia lililoko juu, ambako mfereji ule haufiki. Niliwakaanga sawasawa, kwa mafuta yale yale. Nikawaambia onjeni wenyewe, maneno ya nini.

Nikamsogezea Gerson. Akasema ameshakula. Nikamsogezea Magdalena, aliyenirudishia sahani kwa mdomo wake mwenyewe. Akatazama chini akasema amefunga. Mkristo, Alhamisi, kufunga kwa lipi, Mungu ndiye ajuaye, ila najua anakodi shamba kwa Gerson. Sahani ikazunguka kibanda kizima na kurudi kwangu haijaguswa. Kila mmoja alikuwa na tumbo, au dawa ya hospitali, au mwaliko mahali.

Ndipo Gerson akacheka, akamgeukia Koikai. Akasema katiba yao inasema ziwa linafungwa kwa neno la mwongozaji, si kwa neno la mama wa karai. "Na mwongozaji wetu anasema samaki wana ladha ya dawa. Haya, Koikai. Wewe umeonja?"

Kibanda kizima kilijua jibu. Ukoo wake unajulikana, habari ya mzee Tajeu na udongo inajulikana, na ndiyo maana Gerson aliuliza. Nikamsogelea Koikai nikamnong'oneza, sema umeonja, nani atakukatalia, sema yaishe. Ungekuwa uongo mdogo wa kusaidia maji, na mimi ningeapa naye.

Alitazama viganja vyake. Kisha akainuka, akaenda ukingoni, akanawa kwa maji ya ziwa. Akarudi akaniambia, "Nipe."

Sikumpa. Nilishika sahani kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Kaka Koikai, baba yako."

"Najua," akasema. "Nipe, Mama Twahir."

Alianza na yule wa bwawani. Hakujua hata namna ya kutenga mwiba. Nilimchambulia mimi, kama unavyomchambulia mtoto. Akatia mdomoni, akafumba macho, akatafuna, akatafuna. Akameza. Akasema, "Huyu hana tatizo." Akanywa maji. Akachukua wa ziwani. Alitafuna mara mbili akasita, nikaona koo lake linakataa, machozi yakamjaa machoni. Nikadhani atatema. Akameza. Akamtazama Gerson akasema, "Huyu ana harufu ya pampu yako, Mwenyekiti. Andikeni. Nimeonja."

Magdalena akaandika. Alikuwa analia huku anaandika, na sikumhurumia.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakutema, kuonja si lazima umeze. Akasema angetema wangesema hakula. Tulikuwa tunapanda njia ya msituni, mimi na hotipoti yangu tupu. Tukatembea. Halafu akasema, bila kunitazama, "Yule wa kwanza alikuwa mtamu. Miaka ishirini na mbili, Mama Twahir. Sikujua."

Habari ilifika Elerai kabla yake. Jumapili akachukua maziwa, mikono imesuguliwa mpaka ngozi imekuwa nyekundu, akaingia uani akasema, "Shikamoo, Baba." Mzee Tajeu alikuwa kwenye kiti chake juani. Hakuitika. Koikai akasubiri ile marahaba aliyoipata tangu ajue kusema, haikuja. Maziwa akayapokea Oscar. Koikai akakaa nusu saa kwenye kigoda, akaaga, akaondoka.

Jumapili iliyofuata akaenda tena. Na iliyofuata. Ziwa limefungwa, kazi hana, anabeba matofali kwenye nyumba zinazojengwa Themi, lakini Jumamosi jioni yupo kwangu ananawa na ndimu, ingawa mikono sasa ilinuka saruji tu. Miezi minne, Jumapili kwa Jumapili, alipeleka shikamoo na kurudi nayo. Niliwahi kumuuliza anaendea nini kwa mtu asiyemwitika. Akanijibu, "Yule ni baba yangu. Kunyamaza ni haki yake."

Mzee alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi. Nilikwenda mazikoni, nikajifunga khanga mbili na sweta la Twahir. Watu walijaa mpaka barabarani. Koikai alisimama nyuma kabisa, kwenye ua wa minyaa, amevaa koti la kuazima. Nikasimama karibu naye, si karibu sana, kwa kuwa kuna macho.

Jeneza liliposhushwa, mchungaji akaita mzaliwa wa kwanza. Watu wakageuka. Koikai hakusogea. Oscar akatoka kule mbele, akapita katikati ya watu wote, mikono yake imejaa udongo, akasimama mbele ya kaka yake. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Kaka, mzee ameshalala. Hakuna atakayekukataza. Njoo tumzike."

Na ilikuwa kweli. Pale hapakuwa na hata mzee mmoja ambaye angefungua mdomo. Angechukua tu ule udongo. Mimi mwenyewe moyoni nilimwambia chukua, chukua, umelipa vya kutosha.

Koikai akaikunja mikono ya Oscar, ile iliyojaa udongo, akaifunga ndani ya yake. "Alisema nisitupe," akamwambia. "Nenda, unachelewesha watu."

Oscar akarudi akatupa. Tulisikia udongo ukigonga mbao. Koikai alivua kofia akabaki ameishika mpaka kaburi likajaa, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma wa boma, ule wanaopitia ng'ombe. Nilimfuata mpaka barabarani. Alitembea haraka na mimi magoti yangu si ya kukimbia, nikamwacha aende.

Ziwa lilikaa limefungwa mwaka na nusu. Gerson alichimba shimo la kuoshea pampu, kwa kununa, lakini alichimba. Wakapanda matete pale mfereji unapoingilia. Siku moja Koikai alikuja hapa asubuhi, siku ya kazi, akasimama tu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema amesikia vyura. Akasema hivyo tu akarudi kubeba matofali, na mie nikaunguza karai zima kwa kufurahi.

Walipofungua, wageni wakarudi, naye akarudi kwenye kasia lake. Samaki wa kwanza aliyevuka alama ya fimbo aliniletea mimi, amemfunga kwenye jani la mgomba. Perege mnene, mgongo mweusi. Nikamkaanga kama ninavyomkaangia mtu wangu, nikakamulia ndimu, nikaonja pembeni. Alikuwa mtamu, hana dawa hata chembe. Nikachambua miba yote, nikamwekea kwenye sahani ile nzuri yenye maua.

Nikamwambia, "Kula. Mzee hayupo, udongo umeshatupwa, hakuna kilichobaki cha kukuzuia. Na ulisema mwenyewe ni mtamu."

Aliitazama ile sahani, na nisikufiche, aliitamani. Niliiona ile tamaa usoni mwake, ya mtu aliyekuwa akiukumbuka mwonjo mmoja kwa mwaka na nusu. Kisha akairudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

"Siku ile nilikula kwa ajili ya maji," akasema. "Nikila leo, nitakuwa nimemwacha baba kwa ajili ya tumbo. Kula wewe."

Nikala, kwa kuwa chakula hakitupwi. Yeye alikaa mkabala nami mpaka nikamaliza. Soko lilikuwa linafungwa, ilikuwa Jumamosi. Nilipokuwa najifuta mdomo, nikamwona anakunja mikono ya shati, ule wa kulia kwanza halafu wa kushoto, mpaka juu ya viwiko, kama zamani. Kesho yake ni Jumapili na Elerai hakuna tena mzee wa kupokea maziwa.

Akanyoosha mikono kando ya karai. Nikachukua kisu nikamkatia ndimu.